Riwaya mbili za mapenzi, meza moja: kwa nini moja inatoka na nyingine inabaki

Swali limetoka kwa msomaji wa Katuba, Lubumbashi. Tumelifupisha:

«Nimechapisha riwaya ya mapenzi, nakala 200. Mwalimu wa Kiswahili aliisahihisha yote. Katika miezi minane nimeuza 34. Kwenye meza hiyohiyo mjini kuna riwaya nyingine ya dola 5 kama yangu, Kiswahili chake kimejaa makosa, nayo imekwisha kuchapwa mara tatu. Yangu ni ya muuguzi na mwalimu wanaopendana. Rafiki anawagombanisha kwa picha aliyoipiga kwa simu, wanaachana miaka miwili, wanarudiana, halafu mwalimu anakufa kwa ajali ya gari, ili vijana wajifunze hatari ya mwendo wa kasi. Ile nyingine ni ya binti ambaye baba yake amekwisha kula mali (mahari) ya mwanaume asiyempenda. Kwa nini wanainunua ile na yangu wanaiacha?»

Dada, jibu limo ndani ya barua yako. Kitabu chako kimehitaji mistari kadhaa kukieleza. Kile kingine umekieleza kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ukiitamka saluni pale Kamalondo, mama anayesukwa atageuza kichwa aulize: «Sasa akafanya nini?» Riwaya ya mapenzi huuzwa na msomaji aliyeimaliza jana, akimsimulia ambaye hajaisoma. Redio, bango na sifa za profesa hutoa nakala chache za mwanzo, zinazofuata hutoka kwa mdomo. Basi pima kila kitu, kuanzia kisa hadi bei, kwa swali moja: je, kitabu hiki kinasimulika kwa pumzi moja, na aliyesimuliwa akikinunua, atakuta alichoahidiwa?

Na usianze kuharibu Kiswahili chako ukidhani makosa ndiyo yanayouza. Wasomaji wamemvumilia mwenzako kwa sababu walitaka kujua mwisho. Angekuwa na mhariri angeuza zaidi.

Tuanze na kizuizi, maana hapo ndipo riwaya nyingi za mapenzi zinapofia. Wawili wakipendana na hakuna kinachowazuia, hakuna riwaya, kuna sherehe tu. Kipime kizuizi chako hivi: wapenzi hawa wakikalishwa kwenye viti viwili kwa dakika kumi, wakaambiana ukweli wote, je, tatizo limekwisha? Likiisha, kizuizi ni dhaifu. Picha ya simu katika riwaya yako inaisha kwa swali moja: «Huyu ni nani?» Msomaji anajua hivyo tangu ukurasa wa 30, na kuanzia hapo hamhurumii tena muuguzi wako, anamkasirikia. Anamwona mtu mzima mwenye kazi na simu mkononi anayekaa miaka miwili bila kuuliza. Kutoelewana kuna nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni sura moja, mbili kwa wingi.

Sasa angalia kile cha binti na mali. Mali imekwisha kupokelewa: pesa, mbuzi, blanketi, suti ya baba, vitenge vya mama. Pesa zimetumika, tuseme kwa upasuaji wa mdogo wake. Wakae dakika kumi, wakae mwezi, deni liko palepale. Na kizuizi hiki kinakazwa na mapenzi yenyewe. Kadiri binti anavyozidi kumpenda mwanaume wa pili, ndivyo siku ya kurudisha mali ya wa kwanza inavyokaribia, na baba hana kitu. Tena hakuna shetani ndani yake. Baba alikula mali ili mtoto wake asife. Mwanaume wa kwanza hakuiba chochote, ametoa jasho lake na anataka bibi au mali yake. Sheria ya familia ya Kongo (Code de la famille) ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inadai mali itolewe, na papo hapo inadai kila mmoja wa wanaooana akubali mwenyewe. Kwa sheria binti yuko huru, lakini nyumbani kwao hawezi kuinua macho mezani. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa hilo, ameliona kwa jirani au kwa dada yake.

Kizuizi chenye nguvu, basi, kina mambo matatu: kila upande una haki yake, kukivuka kunagharimu kitu kinachotajika kwa jina, na kinakaza wapenzi wanapokaribiana. Mji wetu haukosi vizuizi vya namna hiyo. Kijana wa Kikasai na binti wa Kikatanga, ambao baba zao walikuwa majirani kabla ya Wakasai kufukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993: hapo hakuna rafiki mwongo, kuna vidonda vya kweli na nyumba iliyobaki nyuma. Mjane ambaye ndugu za mumewe wanashikilia kiwanja, naye akiolewa tena anakipoteza. Mdogo mtu anayechumbiwa wakati dada yake mkubwa bado yuko nyumbani. Hivi havihitaji bunduki wala mchawi.

Kwa riwaya yako kuna njia ambayo ungeiona mwenyewe kama usingeiweka ajali mwishoni. Ihamishe ajali, iwe imetokea kabla ya ukurasa wa kwanza. Gari lililokwenda kasi lilimuua baba wa muuguzi, kesi bado iko mahakamani, na dereva ni kaka mkubwa wa mwalimu. Sasa sema kwa pumzi moja: «Amempenda mdogo wa dereva aliyemuua baba yake.» Funzo lako kuhusu mwendo wa kasi halijapotea. Limo katika kila ukurasa na hakuna anayehubiri. Muuguzi ana haki ya kuchukia ule ukoo, mwalimu ana wajibu kwa ndugu yake, na siku ya hukumu mmoja wao lazima ampoteze mtu. Tena kazi ya uuguzi inapata maana, kwa sababu majeruhi wa barabarani wanaletwa mbele yake kila juma.

Mwisho ni jambo la pili, na hapo sheria ni ngumu kuliko waandishi wengi wanavyotaka kukubali. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kinaitambua aina hii kwa mambo mawili tu: mapenzi yawe kitovu cha kisa, na mwisho uridhishe na kuacha matumaini. Ukimuua mwalimu katika sura ya mwisho umeandika riwaya ya huzuni. Riwaya ya huzuni ina heshima yake na wasomaji wake, lakini umeiuza ndani ya jalada lenye waridi. Aliyeinunua anajiona amedanganywa, na hasimulii, au anasimulia ili kuwaonya wengine. Mtafiti wa Marekani Janice Radway, katika utafiti alioutoa mwaka 1984 juu ya kundi la wanawake wapenzi wa riwaya hizi, alikuta wengine wakisoma kurasa za mwisho kwanza, ndipo waamue kununua. Walimweleza pia kwamba saa ya kusoma ni saa yao wenyewe, mume na watoto hawaigusi. Mwanamke aliyeamka alfajiri, akashinda sokoni, akapika bukari jioni, hakununua kitabu ili uje umfundishe. Simama nyuma ya meza siku moja utazame mikono ya wanunuzi: jalada, nyuma, ukurasa wa mwisho. Ukurasa wako wa mwisho una jeneza.

Kuna kosa la pili la mwisho, na hili linaharibu hata vitabu vyenye kisa kizuri: mwisho wa haraka. Kurasa 100 za mateso, halafu mjomba anarudi kutoka Ubelgiji na dola elfu kumi, au mchungaji anaomba na kila mtu anasameheana katika aya moja. Kizuizi kilichojengwa kwa kurasa 80 lazima kivunjwe na wapenzi wenyewe, kwa kitendo kinachowagharimu, na msomaji akione kinavyofanyika. Kisha mpe kurasa za furaha za kutosha, kikao cha familia, mali inavyohesabiwa, mama anavyolia. Hizo ndizo kurasa anazozirudia.

Kuhusu mpangilio, mwanazuoni wa Marekani Pamela Regis alionyesha mwaka 2003 kwamba riwaya ya mapenzi ina viungo vinane: jamii yenye kasoro fulani, kukutana, kizuizi, mvuto, kutamkiana mapenzi, wakati ambapo yote yanaonekana yamekufa, kugundua linalofungua njia, na uchumba. Mpangilio wake unaweza kubadilika, lakini kiungo kikikosekana msomaji anahisi pengo hata kama hawezi kulitaja. Tuseme kitabu ni cha kurasa 112. Wakutane kabla ya ukurasa wa 8. Kizuizi kionekane chote, si nusu, kabla ya ukurasa wa 20. Mapenzi yatamkwe karibu na katikati, kwa sababu yakitamkwa mapema mno mvutano unalegea, na yakicheleweshwa mno msomaji anachoka. «Kifo» cha matumaini kiwe kati ya ukurasa wa 80 na 90. Zako 12 za mwisho ni za kufunguka na za furaha. Ulivyoeleza kisa chako, nadhani wapenzi wako wanakutana baada ya sura nzima ya utoto wa muuguzi na historia ya shule yake. Kata. Utoto ukihitajika utapenya kwa mistari miwili, mahali unapouma.

Wahusika nitawapitia haraka. Heroini, yaani mhusika mkuu wa kike, awe na kazi ambayo saa zake na pesa zake zinaonekana: zamu inaanza saa ngapi, mshahara umechelewa miezi mingapi, nani anamsubiri nyumbani apeleke unga. Tajiri anaruhusiwa, riwaya za mapenzi zimejaa matajiri duniani kote, lakini awe na upungufu ambao pesa haiuponyi na heroini anauponya. Injinia wa Kolwezi mwenye gari, nyumba, sura nzuri na adabu hana anachohitaji, na asiyehitaji kitu hapendeki. Mama mkwe wa kupiga kelele tu anachosha baada ya kurasa tano. Mpe hofu yake.

Mahali pa kisa ni faida yako kubwa juu ya kitabu chochote kutoka nje, na ni mtego pia, kwa maana msomaji wa hapa anakagua. Ukiandika mvua kubwa ya mwezi wa Julai Lubumbashi, umemwambia kwamba huujui mji. Julai ni ukavu na baridi ya asubuhi, mvua zinaanza kuelekea Novemba, na jakaranda zinachanua kabla yake. Mpenzi aliye Kinshasa akipigiwa simu saa mbili usiku kwetu, kwake ni saa moja, na tofauti hiyo ndogo inaweza kuwa tukio zima: amepiga akidhani mwenzake amefika nyumbani, kumbe bado yuko kazini na bosi anasikiliza. Kasumbalesa haifiki kilomita 100 kutoka mjini, lakini dereva wa kamyo anaweza kukaa mpakani siku nyingi akingoja karatasi. Siku hizo za kungoja zina thamani kwa mwandishi kuliko machweo kumi ya jua.

Lugha sasa. Mwalimu wako amesahihisha yote, na ninaogopa amesahihisha na midomo ya watu. Wengi wetu hapa tuliingia kusoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, tukabaki na Kiswahili cha nyumbani na cha kanisani. Msomaji wa namna hiyo akikuta sentensi ya maneno 40 yenye msamiati wa kamusi, mwendo wake unapungua, na mapenzi hayataki mwendo wa kusukuma. Masimulizi yaandike kwa Kiswahili sanifu, lakini kwa sentensi fupi. Wahusika waache waseme kama mji unavyosema: «Ba mama bako nalomba mali mingi, weye uko nangoya nini?» Mstari huo ukiusanifisha, shangazi wa mtaa wa Kenya hapa mjini anageuka mtangazaji wa redio. Ila usizidishe. Mazungumzo marefu yaliyoandikwa yote kwa matamshi ya mtaani yanasomeka kwa shida, kwa sababu macho hayajazoea kuyaona kwenye karatasi. Njia ya kupima ni kumpa mtu mwingine, si wewe, asome sura ya kwanza kwa sauti. Kila anapokwama au kurudia, weka alama, na kila alama irekebishwe.

Kiwango cha mambo ya chumbani kiamuliwe mapema, na kilingane na jalada. Wapo wanaotaka mlango ufungwe, wapo wanaotaka ubaki wazi kidogo. Hasara inatoka kwa mchanganyiko: jalada la kwaya ndani likiwa na ukurasa wa 60 ambao mama hawezi kumpa binti yake, au jalada la moto ndani likiwa na mahubiri. Wote wawili wanarudisha kitabu.

Jalada linatazamwa kwa sekunde chache, na hatua tatu mbali. Watu wawili, au mmoja anayemtazama mwingine ambaye hatumwoni vizuri, jina la maneno mawili hadi matano, herufi nene juu ya rangi tulivu. Jina liwe na kizuizi ndani yake ukiweza. Jina kama «Safari ya Maisha» linaweza kubandikwa juu ya kitabu chochote, hata cha kilimo. Picha usiichukue hovyo kwenye intaneti: ni mali ya mtu, na mara nyingi ni ndogo. Kwa kitabu cha A5 chenye nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 1748 kwa 2480, chini ya hapo nyuso zinatoka na ukungu. Na faili ya jalada ukiituma kwa mchapaji kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama picha, WhatsApp inaibana, na majalada mengi yenye ukungu mjini yameharibikia hapo, mashine ya matbaa haina kosa. Kabla ya kukubali, lipunguze jalada kwenye simu hadi upana wa sentimita mbili. Jina lisiposomeka, anza upya.

Nyuma ya kitabu chako, kwa kawaida ya vitabu vinavyobaki mezani, nabashiri umeandika kwamba riwaya inazungumzia upendo, usaliti na changamoto za vijana. Maneno hayo hayauzi kwa sababu hayana mtu ndani. Andika maneno 60 hadi 80, yenye majina, kizuizi na siku inayokaribia. Kwa kisa kipya tulichokijenga, kwa mfano:

«Neema amefunga vidonda vya majeruhi wa barabarani tangu mwaka aliozikwa baba yake. Kila kesi inapoitwa, anakaa benchi la mbele, amtazame dereva usoni. Kisha anakutana na mwalimu mpole anayemleta mwanafunzi aliyevunjika mkono, na kwa mara ya kwanza anacheka kazini. Jina la ukoo wake analijua siku ya tatu: ni lile lililo juu ya faili la mahakama. Hukumu ni baada ya wiki sita.»

Halafu nyamaza. Anayetaka kujua hukumu atafungua mfuko.

Upande wa matbaa na pesa, ukurasa wa A5 wenye herufi za ukubwa wa 11 unabeba karibu maneno 300, kwa hiyo maneno 30,000 pamoja na nafasi za mwanzo wa sura yanakaa vizuri katika kurasa 112, ambazo ni mafungu saba ya kurasa 16 na hazimwachii mchapaji karatasi tupu. Pini zinatosha hadi kurasa 64, pengine 80. Zaidi ya hapo tumia gundi, nayo ukaijaribu: fungua nakala moja katikati, ikunjue hadi mgongo ulie. Gundi hafifu hukatika msimu wa ukavu, na kitabu kinachomwaga kurasa hakiazimwi, na kisichoazimwa hakisimuliwi.

Hesabu ya mfano: kuchapa nakala moja dola 2, usafiri na mfuko senti 25, muuzaji wa meza asilimia 35. Kwa bei ya dola 5, muuzaji anachukua 1.75, unabaki na dola 1. Katika nakala 100, kumi zikiharibika au zikienda bure, unabaki na dola 67.50, si mia. Ndiyo maana bei isishuke chini ya mara mbili na nusu ya gharama ya kuchapa, na ndiyo maana chapa ya kwanza iwe nakala 100, hata kama matbaa inakupunguzia kwa 500. Punguzo hilo linalala chini ya kitanda. Bei ilingane na noti. Kitabu cha dola 4 kinataka chenji, na noti ya dola 1 wengi hawaipokei. Muuzaji asiye na chenji ataonyesha kitabu kingine. Kwa hiyo andika bei ya dola na ya faranga, zote za noti nzima. Peleka vitabu mezani kuelekea mwisho wa mwezi, na usitazamie makubwa Septemba, pesa za nyumba ziko kwenye ada na daftari.

Jambo moja ambalo mwenzako huenda amelifanya na wewe bado ni kitabu cha pili. Msomaji wa riwaya za mapenzi hasomi kimoja kwa mwaka. Akimaliza leo, anataka kingine kesho, kinachofanana na hiki lakini si hiki. Harlequin, kampuni iliyoanza Winnipeg, Kanada, mwaka 1949 na kuinunua Mills & Boon ya London mwaka 1971, ilikua juu ya tabia hiyo. Miaka ya 1970 iliongozwa na Lawrence Heisey, mtu aliyetoka kwenye biashara ya sabuni ya Procter & Gamble. Akauza riwaya kwenye maduka ya chakula ambako wanawake walikuwa tayari, akaweka nakala za bure ndani ya maboksi ya sabuni, na akatangaza mfululizo mzima kuliko mwandishi mmoja mmoja, kwa ukubwa uleule na sura ileile ya jalada, ili mnunuzi ajue anachopata kabla ya kukishika. Abidjan, Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianzisha mfululizo wa Adoras mwaka 1998 kwa njia hiyohiyo, ila mashujaa wakawa Waafrika katika miji ya Afrika. Na Kano, kaskazini mwa Nigeria, waandishi wa Kihausa, wengi wao wanawake, wameuza vijitabu vya mapenzi sokoni kwa sehemu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, juu ya ndoa za kulazimishwa na uke wenza, yaani vizuizi vya nyumbani kwao. Wewe usiuze cha kwanza kabla cha pili hakijakamilika. Kiwe cha dada yake Neema au rafiki yake wa zamu, jalada la familia moja, na kila kimoja kiwe na mwisho wake. Kitabu kinachokatika katikati ili ununue kinachofuata kinauza mara moja tu.

Simu inaweza kukufanyia kazi ya boksi la sabuni. Maneno 30,000 ni vipande 20 vya maneno 1,500, na kipande cha namna hiyo kinasomwa kwenye kiti cha teksi. Toa viwili kwa juma, siku zilezile, saa ileile, na usibadilishe. Msomaji aliyenunua mega akasubiri bure, haji tena. Tuma maandishi matupu, picha zinakula mega na SNEL ikikata umeme watu wanabana betri. Maliza kipande juu ya uamuzi ambao haujafanywa: «Akafungua faili» linavuta kuliko «Akaanguka», kwa kuwa la pili tunajua atainuka. Sita vya mwanzo viwe bure, kisha malipo kwa noti moja ndogo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Weka namba ya kila mtandao, maana mteja wa mtandao mwingine akikuta usumbufu anaacha. Vitasambazwa bila ruhusa, hilo halizuiliki. Ndani ya kila kipande andika jina la kitabu na meza kinapouzwa, na kipande cha mwisho wape waliolipa kwanza, wengine wasubiri juma. Anayesubiri juma zima akisikia wenzake wanazungumzia hukumu, mara nyingi analipa.

Zimebaki nakala zako 166. Usizichome, wala usishushe bei hadi dola 1, utamfundisha muuzaji kwamba jina lako ni la bei hiyo. Achana na waridi. Chapisha jalada jipya la karatasi la kuvika juu ya lile la zamani, rangi nzito, barabara tupu, na nyuma uandike waziwazi kwamba mmoja wao hatafika. Kitabu kiondoe kwenye rundo la mapenzi, kiweke na vitabu vya visa vya kweli na vya machozi. Nakala 20 wape wanaoongoza vikundi vya vijana vya usalama barabarani na parokia, hao ndio wanaotafuta funzo ulilokusudia, nao hununua kwa kumi kumi. Na ndani ya kila nakala, ukurasa wa mwisho, bandika kipande cha kwanza cha Neema.